Volti Ngapi, kwa Kazi Gani?

Msikilizaji, laini kubwa ya umeme inayotoka Sondu, ikapita Homa Bay na Ndhiwa hadi Awendo, inabebwa na minara mirefu ya chuma, na nyaya zake zina volti 132,000. Watoto hukanywa mapema wasiisogelee minara ile. Lakini katika hospitali za rufaa za kaunti, mjini Homa Bay na mjini Migori, mgonjwa mwenye kikohozi huvua shati, akaegemeza kifua kwenye ubao, akaambiwa avute pumzi na kuizuia. Na nyuma yake, ndani ya chombo kisichozidi debe kwa ukubwa, volti hupanda kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi 110,000 au hata 120,000. Ni karibu volti zile zile za nyaya za Awendo. Mgonjwa huvaa shati lake, akarudi kwenye benchi kusubiri picha. Volti zile hazikumgusa yeye. Zilikuwa na kazi moja tu: kuzisukuma chembe ndogo mno, elektroni, mpaka zipate mbio za kutosha kuzaa mwanga unaopenya mwili.

Wanafunzi wa sekondari hulikuta swali hili kwenye karatasi ya mtihani: chembe yenye chaji inahitaji volti ngapi ili ifikie kasi fulani? Hulijibu kwa kanuni waliyoikariri, wakatoka nje, likaishia hapo. Hoja yangu leo ni kwamba swali hili tumezoea kuliuliza kinyumenyume, darasani na pia kwenye meza zinapoamuliwa mashine za kununua. Tunaanza na mashine, tunauliza ina nguvu kiasi gani, kisha tunaitafutia kazi. Fizikia yenyewe haikubali mpangilio huo. Volti huanzia kwenye kile unachotaka kukiona, au kukipima, au kukiua, na ukishakitaja, namba ya volti hujitokeza karibu yenyewe. Mvuvi wa Mbita haulizi ni wavu upi mkubwa kuliko nyavu zote. Anajua kwanza kama anakwenda kutafuta omena au mbuta, na jambo hilo ndilo linaloamua ukubwa wa macho ya wavu wake.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana bila hiyo hoja haina miguu. Mto Kuja ukifika Gogo, katika Kaunti ya Migori, maji huanguka, na tangu miaka ya 1950 anguko hilo limezungusha mitambo midogo ya umeme, megawati 2 tu, iliyojengwa awali ili kuuhudumia mgodi wa Macalder. Tone la maji likianguka pale, kasi litakayofika nayo chini hutegemea kimo cha maporomoko. Volti nayo ni kimo cha aina hiyo. Elektroni ikiachiwa upande mmoja wa volti elfu moja huporomoka kuelekea upande wa pili, na kila volti inayoishuka inaiongezea nishati. Ila mfano huu una mpaka wake, na hapo ndipo penye utamu. Katika maporomoko, jiwe na kokoto hufika chini kwa kasi moja, kwa sababu dunia hukivuta kilicho kizito kwa nguvu zaidi kwa kadiri ya uzito wake. Umeme hauangalii uzito, unaangalia chaji. Kila chembe yenye chaji moja hupewa nishati ile ile, iwe nyepesi au nzito, na chembe nzito iliyopewa nishati ile ile hutembea polepole.

Kanuni yake husemwa hivi: chaji mara volti ni sawa na nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Tuseme tunataka kasi ya kilomita 30,000 kwa sekunde, sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga. Kwa elektroni jibu ni volti 2,560 hivi, ambazo ni chache kuliko zile zilizokuwa zikitumika ndani ya televisheni za zamani zenye kisogo kirefu. Kwa protoni, iliyo nzito kuliko elektroni mara 1,836, kasi hiyo hiyo inadai volti zipatazo milioni 4.7. Na chembe ya alfa, kwa kuwa ina chaji mbili, hupata nishati maradufu kutoka kwa volti zile zile. Kwa hiyo anayeuliza volti ngapi bila kutaja chembe gani ni sawa na anayemuuliza makanga wa matatu nauli bila kumwambia anakoshukia. Wataalamu wenyewe waliona hivyo zamani, wakaacha kuhangaika na kasi. Wanapima nishati kwa elektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata ikishuka volti moja. Ni kipimo chepesi kukitumia: ukiiambia mashine volti 50,000, kila elektroni inafika mwisho ikiwa na elektronivolti 50,000, na hakuna hesabu nyingine ya kufanya.

Sasa turudi kwenye chumba cha eksirei. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hii mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na mwaka 1913 William Coolidge akatengeneza bomba la kioo ambalo mfano wake ndio unaotumika hadi leo: waya uliopashwa moto unatoa elektroni, volti zinazivuta ndani ya ombwe, nazo zinagonga kipande cha tungsteni. Kwa volti 100,000 elektroni hizo hufika zikikimbia kilomita 164,000 hivi kwa sekunde, zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, kisha zinasimamishwa ghafla. Takriban asilimia 99 ya nishati yao hugeuka kuwa joto tupu. Asilimia moja hivi ndiyo inayotoka kama eksirei, na ni kwa ajili ya asilimia hiyo moja mashine nzima imejengwa. Mwaka 1915 William Duane na Franklin Hunt walipima jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mazungumzo haya: hakuna hata mwale mmoja unaotoka na nishati kupita ile iliyoletwa na volti. Ukiweka volti 60,000, mionzi inatoka kwa nguvu mbalimbali, ila yote iko chini ya elektronivolti 60,000. Volti ni dari. Fundi anayegeuza kitufe cha kilovolti anaamua mionzi yake itaruhusiwa kufika wapi.

Na anaamuaje? Kwa kuangalia alichonacho mbele. Mkono uliovunjika baada ya ajali ya bodaboda hupigwa picha kwa kilovolti 50 na kidogo, kwa sababu anatafuta ufa katika mfupa, na katika nishati hiyo ndogo kalsiamu ya mfupa humeza mionzi kwa pupa huku nyama ikiiachia ipite. Tofauti kati ya mfupa na nyama hujitokeza kama wino kwenye karatasi. Kifua ni jambo jingine. Anayetafuta kifua kikuu hataki kuona mbavu, mbavu zinamziba. Anataka kuona mapafu yaliyojificha nyuma yake. Akipandisha hadi kilovolti 110 au 120, mbavu hufifia, mionzi huzipita, na kovu au tundu lililoko nyuma ya ubavu hutokea. Mwili ni ule ule, mashine ni ile ile, volti ni zaidi ya maradufu, na sababu yote ni kwamba swali limebadilika.

Katika kaunti hizi mbili swali la kifua si la mfano wa darasani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba watu wazima 19.6 kati ya kila mia moja Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na Migori takriban 13, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9. Kifua kikuu huandamana na virusi hivyo. Na utafiti mwingine wa kitaifa, ule wa kifua kikuu uliofanywa miaka ya 2015 na 2016, ulionyesha kwamba ukiwatafuta wagonjwa kwa kuuliza tu nani amekohoa wiki mbili, unawaacha wengi sana nje. Picha ya kifua huwanasa wengi ambao swali la kikohozi halikuwanasa. Mtu anatembea, anavua, anauza samaki sokoni, hana habari kwamba pafu lake limeanza kuliwa. Kwake yeye, kuchagua kilovolti sawasawa si ufundi wa pembeni.

Hapa najua yuko msikilizaji anayesema: basi kama volti nyingi hupenya zaidi, kwa nini tusinunue mashine yenye volti nyingi kabisa, tukawa tumemaliza? Ni swali la haki, na ndilo linaloongoza ununuzi mwingi. Jibu ni kwamba kupenya si kuona. Picha inapatikana kwa sababu baadhi ya mionzi imezuiwa na baadhi imepita. Nishati ikizidi, kila kitu huruhusu mionzi ipite karibu sawasawa, mfupa na nyama na hewa, na picha inakuwa ya kijivu mwanzo hadi mwisho. Tena mionzi iliyopotoka njiani hutawanyika na kuifunika picha kama ukungu wa asubuhi ziwani. Ufa wa kidole ukiupiga kwa kilovolti 120 unaweza kuukosa kabisa. Na volti ikipungua kupita kiasi, mionzi haifiki upande wa pili. Inaishia mwilini mwa mgonjwa bila kuleta picha yoyote, na huo ni mzigo aliobebeshwa bure. Kuna namba inayofaa, na iko katikati, na mahali pa katikati hupangwa na kazi.

Tuhamie Migori, kwenye dhahabu, maana huko hoja hii inaonekana kwa usahihi ambao hata hospitali haina. Katika Nyatike, Macalder, Osiri na kwingineko katika ukanda ule, wachimbaji wadogo husaga mawe, huyaosha, hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma zebaki iondoke. Kinachobaki si dhahabu tupu. Kina fedha ndani yake, pengine shaba, na mabaki ya zebaki. Bei inategemea usafi. Wapo wanaokadiria kwa macho, na wapo wanaopima kwa maji, kwa kulinganisha uzito wa kipande hewani na uzito wake kikiwa kimezamishwa. Ipo pia mashine ya mkononi, umbo lake kama bastola, inayoelekezwa kwenye kipande na baada ya sekunde kadhaa inaandika asilimia. Ndani yake kuna bomba dogo la eksirei, kaka mdogo wa lile la hospitali, na volti zake kwa kawaida ni 40,000 hadi 50,000. Kwa nini hizo, na si 10,000 wala 100,000?

Mwaka 1913, Henry Moseley, kijana wa Uingereza aliyeuawa vitani Gallipoli miaka miwili baadaye, alionyesha kwamba kila elementi ikipigwa vya kutosha hujibu kwa eksirei zake yenyewe, zenye nishati isiyofanana na ya mwenzake. Ni kama kila mmoja kujibu anapoitwa kwa jina. Lakini lazima upige vya kutosha. Elektroni za ndani za atomu zimefungwa, na kila elementi ina kizingiti chake. Kwa dhahabu, kizingiti cha tabaka linalotumika kupimia ni elektronivolti 11,920 hivi. Ukiuvuka, dhahabu inajibu kwa mionzi ya 9,710. Kwa fedha, kizingiti cha tabaka lake la ndani kabisa ni 25,510, na jibu lake ni 22,160. Sasa fikiria mashine iliyowekwa volti 20,000. Dhahabu inaiona vizuri, imekivuka kizingiti chake. Fedha haiijui, kwa sababu hakuna mwale hata mmoja unaotoka ukiwa na nguvu ya kuiamsha katika tabaka lile. Duane na Hunt walikwisha kutuambia hivyo. Fedha ina sauti nyingine, dhaifu, karibu na elektronivolti 3,000, lakini mionzi hafifu namna hiyo hewa huimeza, na gesi ya agoni iliyomo katika hewa hujibu karibu kabisa na hapo hapo. Mashine ya volti 20,000 inayotegemea mionzi ile yenye nguvu peke yake ingekisoma kipande chenye fedha nyingi kana kwamba fedha haimo, na asilimia ya dhahabu ingepanda isivyostahili. Kinachofanya watengenezaji wafike 40,000 na kupita ni fedha, wala si dhahabu.

Na huenda mtu akasema kwamba hapa volti nyingi zimeshinda, basi hoja yangu ya katikati imeanguka. Haijaanguka, na ushahidi upo katika udongo wa Migori yenyewe. Mwaka 2002, J. S. Ogola na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya uchimbaji wa dhahabu katika ukanda wa Migori, wakiripoti zebaki, risasi na aseniki katika mashapo ya vijito na mabaki ya migodi. Mwaka 2011 ukachapishwa uchunguzi mwingine, wa mawe ya dhahabu na mashapo ya migodi ya ukanda huo huo, uliotumia mbinu hii ya kuzisikiliza elementi kwa eksirei zao. Risasi na aseniki ni sumu mbili tofauti, lakini kwa bahati mbaya ya maumbile sauti zao kuu zinakaribiana mno: aseniki hujibu kwa elektronivolti 10,540, risasi kwa 10,550. Kifaa cha mkononi hakiwezi kuzitenganisha hizo mbili. Sasa angalia vizingiti vyao. Cha aseniki ni 11,870, cha risasi ni 13,040. Ukiweka volti 12,500, kwa kanuni, aseniki inaamka na risasi inalala. Kuongeza volti hadi 40,000 kunaziamsha zote mbili na kuzichanganya. Katika kazi za kila siku wapimaji hupendelea kuzitambua kwa sauti zao nyingine, zisizogongana, kwa kuwa volti iliyopita kizingiti kwa kidogo tu huleta jibu dhaifu. Lakini kanuni imesimama: kuna jambo ambalo volti chache zinaweza kulisema na volti nyingi zikalificha.

Mipaka ya kifaa hiki nayo itajwe, kwa sababu kuna watu wanaokiamini kama kiapo. Mionzi inayorudi kutoka kwenye dhahabu hutoka sehemu nyembamba sana ya juu, nyembamba kuliko karatasi. Kipande kilichopakwa dhahabu nje na kujazwa madini mengine ndani kitasomeka safi, na kuongeza volti kidogo hakutasaidia, maana tatizo ni uzito wa dhahabu yenyewe inayozuia mionzi isitoke. Hapo yule anayepima kwa maji, kwa njia ya kale, ana ushahidi ambao bastola ya eksirei haina. Ila hata yeye anaweza kudanganywa na tungsteni, ambayo uzito wake unakaribia sana wa dhahabu. Mnunuzi makini hutumia njia zote mbili.

Kuna pingamizi la tatu, zito kuliko yote, na linatoka kwa wanafizikia wenyewe. Watasema kanuni niliyoitaja, ile ya nusu ya uzito mara kasi mara kasi, si ya kweli. Wana haki. Ukiitumia kwa elektroni, itakwambia kwamba volti 255,500 zinaifikisha kwenye kasi ya mwanga, na volti 300,000 zinaipitisha. Hakuna kinachopita mwanga. Kasi halisi kwa volti 255,500 ni kilomita 223,500 hivi kwa sekunde, yaani robo tatu tu ya kasi ya mwanga, kwa sababu kadiri chembe inavyokaribia mpaka ule ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuharakishwa, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905. Mwaka 1964 William Bertozzi aliipima kasi ya elektroni moja kwa moja kwa saa na umbali, akazikuta zinazidi kupata nishati huku kasi yao ikikataa kuuvuka mpaka. Hata katika eksirei ya hospitali, kwa volti 100,000, kanuni ya shule inazidisha kasi kwa asilimia 14. Kwa hiyo naam, mwalimu anapaswa kusema wazi kanuni hiyo inakoma wapi. Kwa volti elfu chache inatosha, na kwa 12,000 inakosea chini ya asilimia 2. Lakini tazameni kilichovunjika na kisichovunjika. Kilichovunjika ni upande wa kasi. Upande wa chaji mara volti haujaguswa: elektroni iliyoshuka volti 255,500 ina elektronivolti 255,500, mwanga upende usipende. Na kazi zote tulizozitaja, mapafu, mfupa, fedha, aseniki, zinategemea nishati. Kasi hatukuihitaji kamwe. Ilikuwa njia ya kupita tu.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika tiba ya saratani. Mashine za kuchoma uvimbe kwa mionzi, ambazo Kenya inazo katika vituo vichache na ambazo wagonjwa wa Homa Bay na Migori husafiri mbali kuzifuata, hufanya kazi kwa nishati ya volti milioni 6 na kuendelea. Kazi yake si kuona. Ni kufika kwenye uvimbe ulio ndani sana bila kuunguza ngozi iliyo juu. Elektroni za humo hukimbia kwa asilimia 99.7 ya kasi ya mwanga, na mtu akitaka kuziongezea kasi zaidi hatapata kitu, ila akitaka kuziongezea nishati atapata. Wala hakuna anayejaribu kuweka volti milioni 6 kati ya ncha mbili ndani ya chumba cha hospitali. Umeme ungeruka kama radi. Badala yake elektroni hupandishwa juu ya mawimbi mafupi, ya ukoo mmoja na haya yanayokuletea sauti yangu, zikasukumwa hatua kwa hatua ndani ya mfereji wa shaba. Swali la volti ngapi limebaki lile lile, lakini jibu limeibadilisha mashine nzima.

Sasa nirudi kwenye meza za ununuzi. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, hospitali mbili katika kila kaunti, mashine za picha zikiwemo. Vifaa vingine vilisaidia watu, na si haki kulifuta hilo. Lakini Seneti ilipounda kamati ya kuuchunguza mpango ule, malalamiko yaliyosikika yalikuwa ya vifaa vilivyokaa bila kazi mahali pasipokuwa na umeme wa kutosha, au maji, au mtaalamu wa kuviendesha. Kaunti zenye magonjwa tofauti zilipangiwa orodha zinazofanana. Hapo ndipo ninapoona madhara ya kuanza na mashine. Mtu aweza kunijibu kwamba umeme wetu wenyewe hukatika, na kwamba kilovolti za kisayansi zina maana gani pale ambapo volti 240 za ukutani hushuka hadi 200. Ni kweli kwamba mashine za zamani zilizotegemea transfoma peke yake zilishuka pamoja na ukuta: aliyeomba kilovolti 100 angepata 83, na picha ya kifua ingeharibika. Mashine za sasa hurekebisha jambo hilo zenyewe. Na kwa kazi ya kutafuta kifua kikuu zipo mashine za betri zenye uzito wa kilo chache, zinazofikia kilovolti 90 hivi, zinazoweza kupandishwa kwenye boti hadi Mfangano au Remba na kupiga picha chini ya mwembe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali picha za aina hiyo, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, zisomwe na programu ya kompyuta pale ambapo daktari wa kuzisoma hapatikani. Kilovolti 90 ni pungufu ya 120. Mbavu zitaonekana zaidi kidogo. Lakini kwa mvuvi wa kisiwani asiye na habari ya pafu lake, picha ya kilovolti 90 iliyomfuata inaona zaidi ya picha ya kilovolti 120 asiyoifikia.

Usalama ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Bomba la mashine ya betri au la bastola ya kupimia dhahabu likizimwa halina mionzi iliyobaki ndani. Volti zikiondoka, mionzi nayo imeondoka, tofauti na madini yenye mionzi yasiyozimika. Ila likiwa limewashwa halimjui mgonjwa wala mpita njia, na ndiyo sababu Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, inataka leseni kwa eksirei ya hospitali na pia kwa ile ya kupimia madini. Anayeshika kipande cha dhahabu kwa vidole mbele ya bastola ile ili kisianguke anavipiga eksirei vidole vyake kila mara anaponunua.

Ningependa kuona swali hili likitungwa hivi katika shule ya Nyatike au ya Ndhiwa, badala ya elektroni isiyo na mahali inayokimbia katika bomba lisilo na kazi: mnunuzi ameiweka mashine yake volti 20,000, na kipande cha dhahabu kimesomeka safi kabisa. Taja metali ambayo huenda imo ndani na mashine haikuiona, eleza kwa nini, na useme aliyeuziwa amelipa zaidi au pungufu. Kisha mpe mwanafunzi vizingiti viwili, 11,920 na 25,510, na umwachie karatasi.